Ladha ya Mukuba: Mgonjwa wa Kansa mbele ya Sahani ya Bukari

Katika jiji hili la Lubumbashi, mtu aliyekula mkate na parachichi tangu asubuhi bado atasema hajala, kwa kuwa bukari haujapita kooni. Kipimo hicho kina historia. Kampuni ya madini ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwalisha wafanyakazi wake kwa mgao wa unga wa mahindi, na naona ndipo shibe ya bukari ilipozidi kuwa alama ya nguvu. Basi mgonjwa wa kansa akisukuma sahani pembeni, nyumba nzima husema amekata tamaa, au anadeka. Hoja yangu ni kwamba hakuna kudeka hapo: ni jeraha, na linastahili kupimwa na kutibiwa kama maumivu.

Chembe zinazoonja ulimini huishi siku 10 hivi, kisha mpya hushika nafasi yake. Dawa za kemotherapia huwinda chembe zinazogawanyika upesi, wala hazibagui uvimbe na ulimi. Mionzi ya kichwa na shingo hukausha tezi za mate, na chakula kisicholowa mate hakionjeki vizuri. Cisplatin, dawa yenye madini ya platini, huwaachia wengi ladha ya chuma. Mji uliojengwa juu ya mukuba hauhitaji kuelezwa zaidi. Tena hata kabla ya dawa, mwili unaopambana na uvimbe humwaga kemikali zinazofika ubongoni na kuzima njaa. Kumwambia mtu huyo ajikaze ni sawa na kumwambia aliyevunjika mguu atembee.

Tazameni jikoni. Mbabula imewashwa mlangoni, ndakala wanakaangwa, harufu imejaa nyumba. Mgonjwa ameshiba kichefuchefu kabla sahani haijafika. Mbabula na isogezwe mbali, na chakula kiachwe kipoe, maana kilichopoa hunuka kidogo. Kijiko cha chuma kibadilishwe kwa cha mbao au plastiki. Kabla ya kula asukutue na kutema maji safi ya uvuguvugu: lita 1, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti. Bonge la bukari linahitaji mate asiyokuwa nayo. Uji laini uliokorogewa karanga zilizosagwa hupita, na sombe yenye karanga hupita pia, kidogo kidogo, hata mara 6 kwa siku. Ndimu huamsha mate, ila kinywa chenye vidonda kitaungua tu.

Kuna atakayeuliza: habari za vijiko za nini, wakati dawa zenyewe ni shida kupata? Hapo hasa ndipo zinapohitajika. Aliyekonda sana huvumilia tiba kwa shida, dozi hupunguzwa au kuahirishwa, na familia iliyouza kiwanja ili alipiwe matibabu inaona fedha zikipotea. Anayeshuka uwanja wa ndege wa Luano akitoka kutibiwa nchi za nje bado ana tiba ya kuendeleza nyumbani, na jiko ni sehemu yake.

Wengine husema sukari hulisha kansa, kwa hiyo mgonjwa afunge. Ni kweli Otto Warburg alionyesha katika miaka ya 1920 kwamba uvimbe hula sukari kwa pupa. Lakini anayefunga, ini lake hutengeneza sukari, na misuli yake huyeyushwa ili ipatikane. Anayekonda ni mgonjwa. Uvimbe unaendelea kula.

Vidonge je? Zinki ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 173 wa mionzi ya kichwa na shingo, matokeo yakatoka 2007: haikuzuia ladha kuharibika. Kwa hamu ya kula na uzito, dawa ya olanzapine imefanya vizuri zaidi. Katika utafiti wa India wa 2023, wenye wagonjwa 124, miligramu 2.5 kila siku kwa wiki 12 ziliwaongezea uzito wa zaidi ya asilimia 5 wagonjwa 60 kati ya 100, dhidi ya 9 kati ya 100 waliopewa kidonge kitupu. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, si ya kununua sokoni. Na siku za mwisho, mwili unapokataa kabisa, kulazimisha ni kutesa.

Daktari, kabla ya kuandika dozi, mpandishe mgonjwa kwenye mizani, umuulize jana alikula nini na kilikuwa na ladha gani, kisha andika jibu kwenye fishi yake. Na wewe unayempikia, muulize leo anataka nini, na kesho umuulize tena, kwa sababu ulimi wake utakuwa umebadilika.