Shilingi ya Mwanachuo Isiwe Mpita Njia



Kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania hapa Singida huleta vijana wanaohitaji chumba, chakula, daftari na fundi cherehani. Fedha yao huingia mjini. Swali ni hili: hukaa siku ngapi?

Mkoa wetu ni mkoa wa alizeti, asali, vitunguu na kuku. Mwanachuo akila chakula kilichopikwa kwa mafuta yaliyokamuliwa hapa, shilingi yake humfikia mkamuaji, kisha mkulima wa Iramba au Ikungi, naye huirudisha katika maduka ya mjini. Mafuta yakitoka nchi za nje, shilingi hiyo hupanda basi siku ile ile.

Kwa hiyo tunapopanga katikati ya mji, tusihesabu ghorofa peke yake. Mama lishe akiondolewa kupisha jengo ambalo hawezi kumudu kodi yake, mji umepata ukuta na umepoteza mfanyabiashara. Apewe nafasi kwanza, ndipo msingi uchimbwe.

Nasi tusiwe watazamaji. Anayeidhinisha manunuzi ya shule au ofisi ameshika kalamu ya kujenga mji. Na aitumie.