Mwendo wa Hija Uwe wa Yule wa Nyuma

(Mazungumzo kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Baadhi yenu mna nia ya kutembea mpaka Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni, kama Wakenya wengine wafanyavyo kila mwaka. Kwa hiyo nimeombwa tuzungumze juu ya safari ndefu ya miguu. Nitatumia mfano wa hija ya zamani inayopita milimani, ile ya Santiago de Compostela huko Hispania, mahali ambapo waumini huamini Mtume Yakobo amezikwa.

Njia inayojulikana zaidi huanzia mji mdogo wa Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa. Ni karibu kilomita 780, na wengi huchukua siku 30 hadi 35. Sasa sikilizeni: mlima mkali uko siku ya kwanza! Mtu huanza karibu mita 170 juu ya bahari, akapanda hadi kama mita 1,430, kisha akateremka mpaka Roncesvalles, Hispania. Jumla ni kama kilomita 25.

Siku hiyo mtu ana nguvu na hamu. Anapanda mbio akiwapita wenzake. Anateremka mbio pia, ili apate kitanda katika nyumba ya mahujaji kabla hakijachukuliwa. Kesho yake goti limevimba na nyayo zina malengelenge. Baada ya siku mbili tatu anapanda basi kurudi kwao, na safari karibu yote bado iko mbele. Nguvu alikuwa nazo, lakini alizimaliza mahali pamoja.

Haraka haraka haina baraka, hiyo twaijua tangu utoto. Lakini miguuni inafanywaje?

1. Ukipanda, tembea mwendo unaokuruhusu kuongea. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Hatua ziwe fupi.

2. Ukiteremka, punguza tena. Hapo ndipo magoti huumia, kwa sababu kila hatua mguu unazuia uzito wa mwili pamoja na mzigo. Shika fimbo.

3. Mzigo usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mtu wa kilo 60 abebe kilo 6 tu.

4. Unyayo ukianza kuwaka, simama hapo hapo. Vua kiatu, kausha mguu, badili soksi. Lengelenge likishatoka umechelewa.

5. Siku ngumu ikate vipande viwili. Mahujaji wengine hulala Orisson, kilomita kama 8 tu kutoka mwanzo, wakamaliza mlima kesho yake.

Tuje kwa wale wanaotembea kikundi. Mara nyingi wenye nguvu hutangulia, wakafika juu, wakakaa chini kungojea. Mama mzee anapofika akihema, wao wanainuka: "Haya, twende!" Je, ni nani aliyepumzika hapo? Ni wale wenye nguvu. Aliyechoka hakupumzika hata kidogo. Ikiendelea hivyo siku tatu, yule mama ataachwa njiani, na watu watasema alikuwa dhaifu.

Kwa hiyo mwenye mwendo mdogo awekwe mbele. Wenye nguvu wafuate nyuma yake na wamsaidie mzigo. Wakati wa kupumzika, yeye ndiye aseme "twende".

Kule Santiago hakuna zawadi ya kufika kwanza. Anayeenda kwa miguu hupewa cheti akionyesha kwamba ametembea angalau kilomita 100, kwa kitabu chake kilichopigwa mihuri njiani. Haulizwi amewapita watu wangapi.

Njia ya Namugongo ni nyingine, lakini miguu ni ile ile. Na kikundi nacho ni safari. Mkirudi nyumbani, jadilianeni maswali haya:

- Katika kikundi chetu ni nani yuko nyuma, na kwa sababu gani?
- Mchango wa kila mwezi tuliupanga kwa uwezo wa nani?
- Mwanachama akichelewa kulipa, je, tunamngoja apumzike, au tunainuka mara tu anapofika?