Barabara Ikihama, Hoteli Ifanye Nini?

Leo tunataka kuzungumza juu ya hoteli. Si zile za watalii, la, ni hizi zetu za chai, chapati na maharagwe ambazo vikundi vingi vimeanzisha kando ya barabara. Nyingi huanza kwa nguvu, halafu wateja wakihama ama mpishi akiondoka, mlango unafungwa. Kwani ni lazima iwe hivyo?

Huko Marekani, katika mji mdogo wa Corbin, jimbo la Kentucky, bwana aitwaye Harland Sanders alianza kuwauzia wasafiri chakula mwaka 1930 kwenye kituo cha petroli. Hoteli hakuwa nayo. Walikula kwenye meza yake mwenyewe. Kuku wake alipendwa sana, lakini kumkaanga kulichukua kama nusu saa, na msafiri hangoji. Mwaka 1939 akaanza kumpika kwa sufuria ya presha, ikawa ni dakika chache tu.

Basi baadaye ikapangwa barabara kuu mpya, ipite mbali na Corbin. Mwaka 1956 Sanders aliuza hoteli yake kwa mnada, umri umeshapita miaka 65. Alibaki na pensheni ya dola 105 kwa mwezi na ujuzi wake. Tangu 1952 rafiki yake Pete Harman wa Salt Lake City alikuwa akipika kuku kwa njia hiyo. Sasa Sanders akapakia sufuria na viungo garini, akazunguka hoteli za watu: pikeni kama mimi, mnilipe senti chache kwa kila kuku mnayeuza. Alipouza kampuni mwaka 1964 kwa dola milioni 2, hoteli zilikuwa zaidi ya 600. Hiyo ndiyo KFC.

Ilifika Nairobi mwaka 2011. Mnakumbuka Januari 2022? Meli zilichelewa, viazi vya chipsi vikawaisha. Watu wakauliza, na sisi tukauliza pia, viazi vya Nyandarua vina kasoro gani? Wao wakajibu kwamba kila muuzaji lazima akaguliwe kwanza, ubora na usalama. Kelele zikazidi, wakaahidi kutafuta wauzaji wa humu nchini. Kikundi kinacholima viazi kielewe hapo: mnunuzi wa namna hiyo atataka daftari. Mbegu ilitoka wapi, dawa gani ilipuliziwa, tarehe gani. Na Shangi, ingawa twaipenda, huchipua upesi ikiwekwa stoo.

Tumesema ya sufuria na viazi. Watu je?

Mwaka 1962 hoteli nne za kuku huyo mjini Columbus, Ohio, zilikuwa zikipata hasara. Mwenyewe akamtuma mfanyakazi wake, Dave Thomas, aliyezoea jikoni tangu ujana. Akamwahidi: ukiziinua, utapata sehemu yako, karibu nusu. Thomas akapunguza orodha ndefu ya vyakula, akabakiza vinavyouzwa. Zikainuka kweli. Mwaka 1968 aliuza sehemu yake, na 1969 akafungua hoteli yake mwenyewe, Wendy's.

Kwetu mambo huwaje? Wanachama hugawana faida mwisho wa mwaka, na yule mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga hupewa leso. Halafu tunashangaa akienda kufungua kibanda chake ng'ambo ya barabara, na wateja wote nyuma yake! Kwa maoni yetu hana makosa.

Tuseme hoteli yenu hubakiza shilingi 6,000 kwa mwezi baada ya gharama zote, mshahara wa mpishi ukiwemo. Mkimwongeza 600 kutoka hapo, bado mna 5,400. Faida ikipanda, yake nayo ipande. Mwezi ukiwa mbaya, aonyeshwe kitabu aone mwenyewe. Andikeni makubaliano hayo, mtie sahihi pande zote mbili. Na hesabu ifanywe naye akiwa ameketi hapo kwenye mkutano, si yeye yuko jikoni anawachemshia chai.