"Baba" Anapogeuka "Dada": Mkono wa Mtoto na Mwendo wa Herufi

Mtoto wa darasa la kwanza ameambiwa aandike "baba". Kwenye daftari limetoka neno "dada", na kalamu nyekundu ya mwalimu imeshalikata. Anayetazama ukurasa ataona kosa tu. Aliyekuwa akitazama mkono anajua lilikotokea: mtoto alianza na tumbo la herufi, akalifunga, kisha akabaki anajiuliza kijiti kisimame kulia au kushoto. Akabahatisha.

Hoja ya mhadhara huu inaanzia kwenye kijiti hicho. Herufi ni mwendo kabla haijawa picha. "b" huanza na kijiti kinachoshuka kutoka juu, tumbo likafuata. "d" huanza na tumbo, kama mtu anayeumba "c", ndipo mkono unapanda na kushuka. Mtoto aliyezoea mianzo hiyo miwili hahangaiki kukumbuka tumbo liko upande gani, mkono umeshaamua.

Mwendo huo wa "c" ndio unaozaa "o", "g" na "a", herufi ambayo katika Kiswahili ni vigumu kuikwepa hata kwa sentensi moja. Ndiyo maana kuzifundisha herufi kwa ukoo wa mwendo kuna faida kuliko kufuata foleni ya alfabeti. Kwa mtoto wa pwani anayetoka chuo cha Kurani, ambako mkono husafiri kutoka kulia kwenda kushoto, suala la wapi pa kuanzia lina uzito zaidi. Shuleni anatakiwa kugeuza safari nzima.

Tanzania ilipoanza mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) kwa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, kuandika kulirudishwa katikati ya meza. Hata hivyo, katika madarasa mengi ya awali kazi ya mwandiko bado ni karatasi zenye nukta za kufuatisha. Zinapendeza, na wazazi huzipenda. Mwaka 2012, nchini Marekani, Karin James na Laura Engelhardt walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 5 hivi ambao hawajajua kusoma. Herufi nyingine waliziandika wenyewe, nyingine walizifuatisha, nyingine walizibonyeza kwenye kibodi. Walipoonyeshwa herufi hizo baadaye wakiwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, sehemu zinazohusika na kusoma ziliamshwa na zile walizoziandika wenyewe, zikiwa zimepinda na kuyumba. Kundi lilikuwa dogo, lakini matokeo yanatosha kumfanya mwalimu apunguze nukta.

Aweke nini badala yake? Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, aliwapitishia watoto vidole juu ya herufi zilizokatwa kwenye msasa. Mchanga wa uwanja wa shule unafanya kazi hiyo hiyo, tena bure.

Haraka haifai. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8, na wa mwisho huanza kukomaa kutoka gegedu mtoto akiwa kati ya miaka 8 na 12. Kidole kinachopukuchua mahindi, kinachotunga shanga au kukanda udongo kinajiandaa zaidi kwa penseli kuliko kile kinachopewa kurasa tano za "a". Na penseli fupi humfaa mtoto mdogo. Ndefu humlemea, akaikamata kama mwiko.

Wa mkono wa kushoto ndiye anayesahaulika. Kiganja chake hufuata nyuma ya maandishi, kikiyafunika na kuyachafua, naye hukunja kifundo ili aone alichoandika. Dawa yake haihitaji fedha. Daftari lilazwe kushoto kidogo ya kifua, kona yake ya juu ya kushoto ipande. Penseli aishike juu kidogo kuliko wenzake. Na kwenye dawati la watoto watatu akae mwisho wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha jirani kila mstari.