HOFU YA UKOMUNISTI NA HAKI ZA MFANYA KAZI
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wetu, Satellite, Nairobi)



Tumeombwa tueleze jambo ambalo vijana wetu huuliza mara nyingi: kwa nini wazee wa vyama wakilitaja neno "Mkomunisti" huteremsha sauti, hata leo? Twajibu kwa kutaja watu na miaka, maana hofu hii haikuwa maneno matupu. Ilikuwa na sheria, na askari kanzu, na pingu.

Tuanze na Makhan Singh. Alikuja Nairobi kutoka Punjab mwaka 1927, akafanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake. Mwaka 1935 chama cha wafanya kazi wa Kihindi alichokuwa akikiongoza kilifungua mlango kwa watu wa kila rangi, kikaitwa Labour Trade Union of Kenya. Twaamini kwamba kule kumwandika Mhindi na Mwafrika katika daftari moja kuliwatisha wakubwa wa wakati ule kuliko kitabu chochote cha Marx.

Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai walianzisha East African Trades Union Congress, Kubai akiwa Rais na Singh Katibu Mkuu. Serikali ilikataa kuiandikisha. Mwezi wa Machi 1950 Nairobi ilipopewa hati ya kuwa jiji, Congress iliwaambia wafanya kazi wasiende kwenye sherehe. Tarehe 23 Aprili, katika ukumbi wa Kaloleni, Singh alisimama akataka uhuru kamili. Siku ishirini na mbili baadaye, tarehe 15 Mei, yeye na Kubai walikamatwa kwa kuwa viongozi wa chama kisichoandikishwa, chama ambacho serikali yenyewe ndiyo iliyokataa kukiandikisha.

Kesho yake Nairobi iligoma. Watu walitaka viongozi wao wafunguliwe, na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Hebu ndugu, itazameni hesabu hiyo. Ni neno gani la Moscow lililomo ndani ya shilingi mia? Ni unga, na mafuta ya taa, na kodi ya chumba. Lakini jibu lilikuwa mabomu ya machozi na magari ya vita, na mgomo uliendelea hata hivyo kwa zaidi ya wiki moja.

Singh alipofikishwa mbele ya hakimu kule Nyeri hakujificha. Alisema wazi kwamba yeye ni Mkomunisti. Wako wanaosema kuwa hapo aliwapa adui fimbo ya kumpigia. Sisi hatuoni hivyo, maana fimbo walikuwa nayo zamani. Hakushtakiwa kwa wizi wala kwa kumwaga damu. Alitangazwa kuwa mtu asiyetakikana, akapelekwa Lokitaung, kisha Maralal, kisha Dol Dol, na akafunguliwa Oktoba 1961. Ni miaka kumi na moja na zaidi. Aliporudi, viongozi wapya wa vyama walimpigia makofi wasimpe kiti.

Wala si Kenya peke yake. Marekani mwaka 1947 iliweka sheria ya Taft-Hartley, ambayo ilimtaka kila kiongozi wa chama cha wafanya kazi aape kwamba si Mkomunisti, la sivyo chama chake kikose ulinzi wa sheria. Afrika Kusini nayo, mwaka ule ule wa 1950, ilitunga sheria ya kuukomesha ukomunisti, na maana ya neno ikapanuliwa mpaka ikawameza watu ambao hawakuwa na habari na ukomunisti.

Wakati wa Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952, mengi mwayajua. Kubai na Bildad Kaggia, wote watu wa vyama vya wafanya kazi, walifungwa pamoja na Kenyatta kwa kesi ya Kapenguria. Pengo lililobaki lilijazwa na Tom Mboya, naye kwa haki alivitetea vyama katika miaka migumu sana. Lakini msaada ulitoka kwa vyama vya nchi za Magharibi, na Wamarekani wakatoa dola 35,000 za kujenga Solidarity House. Baadaye wapinzani wake nao wakapata wafadhili wao upande wa Mashariki. Hapo ndipo ugomvi wa mataifa makubwa ulipoingia katika matawi yetu, na mwanachama aliyeuliza hesabu ya fedha aliulizwa yeye anatumwa na nani.

Uhuru ulikuja, na hofu ikabaki na kiti chake. Tarehe 24 Februari 1965 Pio Gama Pinto, Mbunge, aliyekuwa amezuiliwa na wakoloni tangu 1954, alipigwa risasi nje ya nyumba yake huku Westlands, mtoto wake mdogo akiwa ndani ya gari. Kisilu Mutua alifungwa kwa kesi hiyo mpaka mwaka 2001, na siku zote alisema kwamba hakuua. Mwezi wa Aprili 1965, kule Kandara, Rais alimuuliza Kaggia hadharani amejifanyia nini, hali wenzake waliofungwa pamoja naye wana mashamba na nyumba nzuri. Kaggia alikuwa akiwasemea watu wasio na ardhi. Siku zile, kusema hivyo kulitosha mtu aitwe Mkomunisti.

Mwaka huo huo vyama vyetu vilivyokuwa vikigombana viliondolewa katika daftari, ikaundwa COTU. Katika kanuni zake za mwanzo wajumbe walichagua majina matatu ya Katibu Mkuu, na Rais wa nchi ndiye aliyeteua moja. Yaani tuliambiwa tumeokolewa kutoka mikono ya wageni, na papo hapo kura yetu ikapunguzwa. Mwaka 1966 Odinga alitoka serikalini akaunda KPU, na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ikapitishwa Bungeni. Miongoni mwa waliozuiliwa mwaka huo ni Ochola Mak'Anyengo, kiongozi wa wafanya kazi wa mafuta. Mwaka 1968 Kaggia alifungwa kwa kufanya mkutano bila ruhusa, na mwaka 1969 KPU ikapigwa marufuku.

Msidhani yaliishia hapo. Mwaka 1980 chama cha wafanya kazi wa serikali na chama cha walimu wa Chuo Kikuu vilifutwa. Mwaka 1982 baadhi ya walimu hao waliwekwa kizuizini kwa kusemwa kuwa wanafundisha Umarx. Tangu 1986, kwa msako wa Mwakenya, watu walipelekwa kwenye vyumba vya giza chini ya Nyayo House, katikati ya mji, jumba ambalo wengi wetu huingia mlango wa mbele kutafuta pasipoti.

Leo Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Twaomba katibu wa tawi aweke nakala mezani, isomwe kabla ya mashauriano ya mishahara, na tajiri akianza kuwaita wajumbe wetu wachochezi, iandikwe katika kumbukumbu ya mkutano, siku na saa.

Mwenye kadi za zamani, vyeti au barua za chama za miaka ya 1960 azilete tuzichape nakala, halafu tutamrudishia. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao tutakwenda City Park, kwenye kaburi la Pinto. Tutakutana kituoni hapa Satellite saa tatu asubuhi. Nauli kila mtu ajilipie mwenyewe.