Waliolia na Waliokunja Uso: Hadhira na Wahakiki wa Filamu ya Unplanned



Filamu ya Unplanned ilitoka Marekani mwishoni mwa Machi 2019. Inamhusu Abby Johnson, aliyekuwa mkurugenzi wa kliniki ya shirika la afya ya uzazi la Planned Parenthood mjini Bryan, Texas, akaacha kazi mwaka 2009 na kuwa mpinzani wa utoaji mimba. Iligharimu kama dola milioni 6, na mauzo ya tiketi ya wikendi ya kwanza peke yake yalifikia kiasi hicho. Wahakiki wengi waliiponda: ni mahubiri tu, walisema, na wakubwa wa kliniki wamechorwa kama mashetani. Watazamaji waliohojiwa na CinemaScore wakaipa A+, alama ya juu kuliko zote.

Watetezi wakadai wahakiki wana chuki na dini. Wapinzani wakadai watazamaji hawajui sanaa. Nazikataa kauli zote mbili. CinemaScore huwauliza waliokata tiketi siku ya kwanza, na kwa filamu hii wengi walihamasishwa na makanisa na vikundi vya kupinga utoaji mimba. Alama ile inatuambia kwamba waliokuja walipata walichokifuata. Mwanamke ambaye hakutaka hata kuisikia hakuulizwa.

Hata hivyo, machozi ya ukumbini si ya kubezwa. Katika October Baby, filamu ya ndugu wawili Andrew na Jon Erwin iliyoitangulia Unplanned na kugusa suala hilohilo, Shari Rigby aliigiza mama aliyejaribu kutoa mimba. Rigby mwenyewe aliwahi kutoa mimba, na ushuhuda wake umewekwa mwishoni mwa filamu. Mtazamaji mwenye siri kama hiyo hana haja na ubora wa picha. Anatafuta kama kuna msamaha.

Kwa maoni yangu, Unplanned ina nguvu zaidi pale inaponyamaza. Abby amemeza vidonge vya kutoa mimba, yuko peke yake bafuni, damu inamtoka, maumivu yamemwangusha sakafuni. Hakuna anayehubiri. Mhakiki aliyeipita sehemu hiyo bila neno hakuitendea haki kazi.

Tatizo kubwa liko kwenye tukio la ufunguzi, ambapo Abby anaona kwenye kioo cha ultrasaundi kijusi cha wiki 13 kikihangaika kukwepa mrija wa kutolea mimba. Madaktari walipinga kwamba kijusi cha umri huo kinaweza kutambua hatari na kuikimbia. Tena, tangu mwaka 2010 jarida la Texas Monthly lilikuwa limehoji kama kumbukumbu za kliniki zinaafikiana na simulizi lake. Johnson ameshikilia kwamba alichosimulia ndicho alichokiona. Filamu inayotaka kuaminiwa kama ushuhuda haiwezi, ikibanwa, kukimbilia uhuru wa msanii kubuni. Hapo wahakiki walikuwa na haki ya kuibana, na wengine wangeibana zaidi badala ya kupoteza aya nzima wakilalamikia muziki.

Wanafunzi wangu wa uhakiki, mkikabidhiwa filamu ya namna hii, nawasihi: itazameni ukumbini pamoja na waumini, kisha mtafuteni mwanamke ambaye asingekanyaga humo, mkamsikilize naye. Na tukio linalodaiwa kuwa la kweli, lichunguzeni kabla hamjaandika.