Wakwe Wanne na Baba Wawili

Leo tunazungumza juu ya ndoa, na mfano wetu unatoka Ufaransa.

Mwaka 2014 ilitoka filamu ya kuchekesha iitwayo Qu'est-ce qu'on a fait au Bon Dieu?, yaani "Tumemkosea nini Mungu?" Aliyeiongoza ni Philippe de Chauveron, na huko Ufaransa watu zaidi ya milioni 12 walikwenda kuitazama.

Bwana Claude Verneuil na mkewe Marie ni Wakatoliki wa mji wa Chinon. Wana mabinti wanne. Watatu wameolewa: mmoja na Mwislamu, mmoja na Myahudi, mmoja na Mchina. Wazazi wanaumia moyoni. Tumaini lao limebaki kwa kitinda mimba, Laure. Naye anawaambia amepata mchumba Mkatoliki. Wanafurahi, mpaka wanapomwona: Charles ni mtu mweusi, asili yake Côte d'Ivoire.

Sasa sikiliza vizuri. Wale wakwe watatu, waliopokelewa kwa shingo upande, ndio wanaojaribu kuivuruga ndoa ya Charles. Aliyebaguliwa jana, leo anabagua. Na baba yake Charles, mzee André Koffi, naye hataki mwanawe aoe Mzungu. Baba wawili, neno moja: "Huyu si wa kwetu."

Wazee hao wanaanza kwa kurushiana maneno. Kisha wanakwenda kuvua samaki pamoja, wanakula na kunywa, na kila mmoja anagundua kwamba mwenzake anaumwa na jambo lile lile. Lakini Laure ameshachoka na ugomvi. Ameacha ndoa na kupanda treni. Inawabidi wamkimbilie.

Msikilizaji, kambini pia vijana wa makabila na dini mbalimbali wanasoma pamoja, wanachota maji pamoja, na wanapendana. Mzazi ana haki ya kuuliza: Ana heshima? Anajituma? Atamtunza mwanangu? Lakini ukiuliza "Ni kabila gani?" ukaishia hapo, bado hujamjua mtu. Wengi wenu mliulizwa swali hilo njiani, mkikimbia. Mnajua uzito wake.

Basi kabla ya kukataa posa, waite wazazi wa upande wa pili. Kaeni, mle, mzungumze. Usingoje mwanao aondoke ndipo umfuate.